Kuni Kavu za Bwana Mifugo

Alikuwa hawezi kupita penye mti ulioanguka bila kusimama. Hata mvua iwe imeshaanza kudondoka, hata awe amechelewa kanisani, angesimama, akaugonga kwa fimbo yake, akainamisha kichwa kusikiliza, halafu akatoa hukumu. Kama mti ulikuwa bado na maji alisema, "Huu bado unalia." Kama ulikuwa mkavu alisema, "Huu umemaliza kulia." Na akishasema hivyo, hazipiti siku nyingi utamwona mwenye mti amesimama uani kwake anakuna kichwa, hajui amekubali vipi kutoa kuni za bure.

Tulimwita Bwana Mifugo. Kazi hiyo alikuwa amestaafu siku nyingi, na kata yetu ya Tlawi ilikuwa imeshapata mabwana mifugo wengine, vijana wa pikipiki. Hao tuliwaita kwa majina yao. Ukisema Bwana Mifugo bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule mrefu wa koti la kaki na gambuti, anayetembea na punda mwenye sikio lililokatika ncha. Jina lake sitalitaja, na sidhani kama hata yeye angeliitikia haraka. Sasa hayupo, na mimi kila nikiona kuni zimepangwa vizuri chini ya upenu wa nyumba ya mtu, moyo unanishuka.

Alikuwa na namna yake ya kuomba. Upepo ukivuma sana, asubuhi anachukua kile kisimu chake cha tochi na kuanza kupiga. Baba yangu, ambaye alikuwa jirani yake na mtani wake mkubwa, alikuwa akimwigiza mpaka sisi watoto tunagaagaa kwa kicheko.

"Pole sana, nimesikia mti wako wa mgrevilea umelala."

"Asante, Bwana Mifugo. Umelala kweli."

"Haukuumiza mtu?"

"Hapana."

"Ng'ombe je?"

"Hapana, Mungu amesaidia."

"Basi tunashukuru. Na yale matawi umepanga yaweje?"

Huwezi kumnyima mtu aliyekupigia kukupa pole. Lakini akishapewa hakuwa na haraka. Alikwenda na panga lake, akachanja alama ndogo kwenye gome, mikato miwili na kitone, kama alivyokuwa akiona wafugaji wanavyoweka alama kwenye masikio ya ndama, kisha akauacha mti ulale pale pale mpaka kiangazi kingine. Kuanzia Tlawi mpaka Nambis kulikuwa na magogo ya watu yenye alama yake, yanakauka polepole kwenye mashamba ya wenyewe, na watoto waliochunga mbuzi walijua wasiyaguse.

Watu walimcheka. Walimwita omba-omba wa kuni, si mbele yake lakini si mbali naye sana pia. Na ilikuwa ajabu kweli, kwa sababu wakati wa kazi yake alikuwa mtu asiyepokea kitu. Aliyechanjiwa ng'ombe alimpa chai, akanywa, basi. Ukimfungia jogoo kwenye baiskeli anamfungua na kumrudisha bandani mwenyewe. Mama yangu alisema aliwahi kumwona anakataa hata limau. Mtu huyo huyo, baada ya kustaafu, alisimama mlangoni kwa fundi seremala kuomba vipande vya mbao vilivyobaki, akasimama kwa padre siku walipobadilisha paa la kanisa, akasimama kwa watu wa barabara waliokuwa wanang'oa visiki. Mbao za kanisa alizirudisha kesho yake. Zilikuwa zimepakwa rangi, na rangi ikiungua inatoa harufu inayokwaruza koo. Alizirudisha kwa punda, akazipanga pale pale alipozitoa, na padre hakujua acheke au akasirike.

Kununua hakununua, na haikuwa ubahili. Kuni za kuuzwa huku kwetu ni za mti uliokatwa jana. Mwenye kuuza hana nafasi ya kungoja mwaka mzima ukauke, naye ana watoto. Bwana Mifugo alikuwa anatafuta kuni zilizokaa. Kwake kuni mbichi haikuwa kuni, ilikuwa hatari.

Sababu yake ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye kiti kifupi cha ngozi karibu na moto. Mke wake alikuwa na kifua. Alikuwa amepika miaka mingi kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha, kama mama zetu wote, na moshi ule ulikuwa umemwingia ukakaa. Akitembea kutoka mlangoni mpaka bombani anapumzika njiani. Akicheka sana lazima ashike ukuta. Daktari aliwaambia mambo mawili: mama huyu asikae kwenye baridi, na mama huyu asikae kwenye moshi. Alisema vizuri, lakini hakuwaambia wafanyeje. Huku juu kwetu, ukungu unaposhuka mwezi wa sita usione hata zizi lako, mtu anayekimbia baridi anakimbilia motoni, na anayekimbia moshi anatoka nje kwenye baridi. Binti yao aliwaletea jiko la gesi kutoka Arusha. Lilichemsha chai vizuri sana, ila halikupasha nyumba joto. Mkaa waliuogopa, na walikuwa na haki, kwa sababu kuna watu tunaowajua walifunga mlango wakalala na jiko la mkaa na hawakuamka.

Kwa hiyo Bwana Mifugo alijenga chimni. Alikuwa ameiona zamani kwenye nyumba moja ya serikali alikopangishwa akiwa bado kijana kazini, moto uko ukutani sebuleni, moshi unapanda na bomba la matofali hadi juu ya paa. Aliyemjengea ni baba yangu, ambaye alikuwa fundi mwashi na hakuwa amejenga kitu kama hicho maishani mwake. Bwana Mifugo alimchorea kwa kijiti ardhini, baba akajenga. Siku ya kwanza kuwasha, moshi ulikwenda juu kidogo, ukafikiri, ukarudi chini na kujaa sebuleni. Wakatoka wote mbio, yule mama akiwa amebebwa pamoja na kiti chake.

Hapo ndipo ulipoanza ule ubishi wao ambao haukuisha. Baba alisema kuni ni mbichi. Bwana Mifugo alisema chimni imepinda. Baba alipanda juu ya paa mara nyingi, akaongeza matofali, akapunguza, akatengeneza mdomo wake upya. Bwana Mifugo naye akazidi kutafuta kuni kavu zaidi ili amwonyeshe kwamba tatizo si kuni. Moshi ulipungua mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyejua nani kati yao ameshinda. Ukiwasha kuni zilizomaliza kulia, chimni ile ilivuta moshi wote, mama anakaa pale anapumua kama watu wengine. Ukiweka ukuni mmoja tu wenye maji, moshi ulirudi. Baba akipita njiani akiona mlango wao umefunguliwa wazi na mtu anapunga hewa kwa kanga, alipaza sauti, "Bwana Mifugo! Unaunguza majani ya kabichi?"

Na kutoka ndani: "Njoo uone kazi yako, fundi! Ng'ombe wangu angejenga vizuri kuliko hivi!"

Yule mama ndiye aliyekuwa anawaamulia, kwa sauti yake ya kukatika katika. "Muacheni," alikuwa akisema. "Huyu... anadhani mimi... ni mbao. Ananikausha." Halafu anacheka, anashika ukuta.

Nilimpenda yule mama. Alinifundisha kusuka vikapu nikiwa msichana, nimekaa miguuni kwake upande wa joto, naye akawa ananisimulia habari za watu, sentensi fupi fupi, unangoja pumzi irudi ndipo ujue nani alimwacha nani. Ilikuwa nyumba pekee katika kijiji chetu ambapo ungeweza kukaa na moto jioni nzima ukatoka nguo hazinuki.

Lakini usije ukaomba kuni hapo. Siku moja mama yangu alinituma, kuni zetu zimelowa na ugali haujaiva. Bwana Mifugo alikuwa amesimama mbele ya lundo lililofika kwenye mabati, limepangwa ncha kwa ncha, limefunikwa kwa magunia na vipande vya bati kuukuu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kaa la moto kwenye kigae.

"Moto nitakupa," akasema. "Kuni sina."

Sijawahi kuona mtu anayedanganya amesimama mbele ya ushahidi mkubwa kiasi kile. Nilirudi nyumbani na kaa langu, mama akacheka mpaka akakaa chini. Maziwa angekupa, viazi angekupa, na mtoto mwenye homa angempeleka zahanati mgongoni mwa punda wake. Ila ukuni, hata wa kuchokolea meno, ulikuwa pumzi ya mkewe, na alizigawa pumzi hizo yeye mwenyewe, ukuni kwa ukuni, toka asubuhi mpaka wakati wa kulala. Upande wa kaskazini wa nyumba zilikaa za mwaka ule, upande wa mlangoni za masika na za baridi, na nyuma zile ambazo bado zinalia.

Za kuaminika zaidi alizifuata mbali, kule Hirbadaw, bondeni Hanang. Huko alikuwa amefanya kazi miaka yake mingi na wafugaji walimwita Daktari. Siku za mnada alishuka na lori linalokwenda kupakia ng'ombe, na dereva akiwa na nafasi alimrudisha na magogo yake. Familia ikihama na kuacha boma, uzio wa migunga unabaki umesimama kwenye jua na upepo miaka, mpaka mti unakuwa kama mfupa. Nilikwenda naye mara moja nikiwa likizo, nina hamu ya kuona kule. Mzee mwenye boma lile la zamani alimpokea kwa mikono miwili.

"Daktari, chukua za zizi la ndama," akamwambia. "Chukua na za kule nyuma. Hizi za mlangoni usiguse."

"Sigusi, mzee."

"Mama yangu alitolewa hapo, akiwa ameshatutoka. Hapo hapafungwi na hapavunjwi."

Nguzo za mlangoni zilikuwa nene kuliko zote na kavu kuliko zote. Bwana Mifugo alizipita mkono wake ukiwa mfukoni. Tulipokuwa tumekaa juu ya magogo nyuma ya lori nilimuuliza kama hakuzitamani. Aligeuka akalitazama boma likipotea kwenye vumbi. Kisha akasema, "Kuni za msiba zina wenyewe." Sikumwelewa, wala sikuuliza tena. Nilikuwa msichana, nilikuwa naangalia mlima.

Baba yangu alikufa wakati wa masika. Nilikuwa nimeshaolewa Babati. Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa inanyesha kwa siku kadhaa bila kupumzika, turubai limefungwa uani limejaa maji katikati, na watu wamekaa kwenye matope.

Kwetu mtu akifa kila nyumba ya jirani inaleta kuni. Haiombwi wala haitangazwi. Moto unawashwa nje na hauzimwi mpaka msiba uishe, wanaume wanakaa kuuzunguka, wanapika, wanaota, wanazungumza habari za marehemu. Mzee wa nyumba analeta mzigo wake mwenyewe, anautua, anakaa. Na lipo jambo ambalo hatulisemi lakini kila mtu analiangalia, nani ameleta nini na amekaa kiasi gani. Mtu anaweza kusamehewa kutokuleta unga. Asiyeleta kuni kwenye msiba wa jirani yake anakumbukwa mpaka wajukuu.

Siku ile kila mtu alikuwa ameleta, na zote zilikuwa zimelowa. Moto ulikuwa unatoa moshi mzito wa kijivu, unatambaa chini ya turubai, wazee wanakohoa, macho ya mama yangu yamevimba na huwezi kujua ni kilio au ni moshi. Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kusema. Baba yangu aliyekuwa akihangaika na njia ya moshi ya jirani yake, sasa moshi ulikuwa unatutawala uani kwake. Nikawaza, angekuwepo angeuliza nani ameleta majani ya kabichi.

Ndipo nikaona punda yule mwenye sikio la ncha iliyokatika anaingia uani, amebeba migunga iliyofunikwa kwa magunia. Bwana Mifugo hakusema na mtu. Alishusha, akazipanga karibu na moto, akageuza punda, akaondoka. Akarudi na mzigo mwingine. Akaondoka, akarudi. Sisi tulikuwa tunatazama tu. Vijana waliweka ile migunga juu ya moto, na moto ukashika, ukawa mwekundu safi, moshi ukanyanyuka kwenye turubai na kuisha. Wazee wakaacha kukohoa. Mama akavua kanga usoni. Nilisogea karibu, nikaota mikono yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu nikalia vizuri, kilio cha kumlilia baba yangu.

Aliposhusha mzigo wa mwisho hakukaa. Aligusa jeneza kwa kiganja, akaenda zake. Nikasikia mtu mmoja ananong'ona, "Ametua kama mtu wa kukodi. Hata kukaa kidogo na mwenzake?" Mwingine akajibu, "Wamebishana maisha yao yote. Labda bado." Hakuna aliyemtetea. Mimi pia sikufikiria mbali zaidi ya joto lililokuwa mikononi mwangu. Mke wake alikuwa ametuma salamu za pole kwamba kifua kinamzuia kuja kwenye mvua, tukazipokea.

Mvua iliendelea. Nilirudi Babati. Ule mwezi haujaisha, mama yangu akapiga simu akaniambia yule mama wa kwenye chimni amefariki. Alikuwa amebanwa, wakampeleka hospitali, hakurudi. Daktari alisema kifua kile kilikuwa kimechoka siku nyingi, na huenda ni kweli. Lakini mama yangu alikuwa amekwenda kumwona kabla hajapelekwa, na alikuta mlango uko wazi kwenye baridi ile, sebule imejaa moshi, na Bwana Mifugo amepiga magoti mbele ya chimni anapuliza kuni mbichi. Upenu ulikuwa mtupu, pande zote. Alikuwa ametuletea zote.

Nilikaa chini na simu mkononi. Sikuwa nimejua. Hakuna aliyekuwa amejua, na kama tungejua sijui kama kuna ambaye angethubutu kumwambia arudishe, maana kuni zikishatuliwa msibani hazirudi. Ndivyo tulivyo.

Kwenye msiba wa yule mama, moto ulikuwa wa moshi toka mwanzo hadi mwisho. Kuni kavu hazikuwepo tena katika kijiji kizima. Bwana Mifugo alikaa upande ule upepo unakoelekea, moshi unampiga usoni. Watu walimwomba ahame kiti, hakuhama. Nilikuwepo, nilimwona. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Tulidhani ataacha sasa. Hakukuwa tena na kifua cha kulindwa. Lakini kiangazi kilipofika akaonekana njiani na punda wake, anagonga magogo, anainamisha kichwa. Lundo likapanda tena upande wa kaskazini, upande wa mlangoni na nyuma, mpaka likaziba dirisha moja. Watu wakasema uchungu umemgeuza akili. Binti yake akaja kumchukua waende Arusha, akakataa. Na yeye aliyekuwa hakopeshi hata ukuni wa kuchokolea meno, sasa mtu akifa popote kati yetu na Nambis, punda wake ndiye alikuwa wa kwanza kuingia uani. Kisha siku moja kwenye mkutano wa kitongoji alisimama, akaomba neno. Alisema anaomba nyumba yenye mgonjwa isitegemewe kuleta kuni msibani. Alisema zitatoka kwake. Akakaa. Wazee wakatazamana, mmoja akasema, "Imepita," wakaendelea na habari za mfereji wa maji. Imebaki hivyo mpaka leo, na vijana walioizoea hawajui imetoka wapi.

Mara ya mwisho nilipoonana naye ulikuwa mwezi wa saba. Kaka zangu walikuwa wamebomoa jiko la zamani la nyumbani, lile ambalo baba alilijenga alipooa, na boriti zake zilikuwa nyeusi tii kwa masizi ya miaka yote ya mapishi ya mama. Walitaka kuzichoma pale pale. Nikawaambia hapana. Nikajitwisha kadhaa, nikaenda.

Ilikuwa asubuhi, ukungu haujanyanyuka. Nilimkuta sebuleni amevaa koti na blanketi juu yake, na kofia ya sufu. Chimni ilikuwa imefagiwa, haina hata majivu. Nje kuni zimefika mabatini, ndani pumzi yake inaonekana kama ya ng'ombe asubuhi. Kiti kifupi cha ngozi kilikuwa mahali pake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja lini?"

"Jana. Nimekuletea boriti za jiko la baba."

Alinyanyuka kwa shida. Amekonda, lile koti sasa lilikuwa la mtu mwingine. Alichukua boriti mbili, akazigonganisha, akainamisha kichwa. Zilitoa sauti nyembamba, ya juu.

"Hizi," akasema, "zilimaliza kulia kabla hujazaliwa." Akapitisha kidole kwenye masizi. "Fundi. Na mimi nilikuwa namwambia chimni imepinda." Akatazama juu kwenye matofali. "Haikupinda. Nilijua muda mrefu tu haikupinda. Nilikuwa sitaki kumpa raha."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Nikamwambia niwashe moto, baridi ni kali. Akatikisa kichwa. Akasema moto wa mtu mmoja ni kazi bure. Nikakaa kwenye kigoda, nikaona anasokota pindo la blanketi kama mtu mwenye jambo.

"Nilitaka kuzigawa," akasema. "Zile kuni, siku ya baba yako. Nipeleke nusu. Mama yako wa kiti hiki akakataa. Akaniambia fundi ndiye aliyenijengea mahali pa kupumua, utampelekea nusu? Akasema, fundi hawezi kungoja, mimi nitangoja." Akakiangalia kile kiti kifupi. "Nikapeleka zote. Kila nikirudi kupakia nilimkuta amekaa pale anahesabu pumzi, kwa hiyo sikuweza kukaa kwenu. Najua walisema."

"Walisema," nikamwambia. "Wasamehe."

"Hilo si kitu. Ila niliporudi na punda mara ya mwisho aliniuliza, moto uliwaka vizuri? Haukutoa moshi? Nikamwambia sijui, sikukaa. Kesho yake akaniuliza tena. Hata hospitali, alipokuwa hawezi maneno mengi, aliniuliza kwa macho, nikajua anauliza hilo. Nikakosa la kumjibu. Na baada ya hapo ningemuuliza nani? Mtu anaulizaje habari za kuni zake kwenye msiba wa mwenzake? Ni aibu." Akanitazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, lakini yalikuwa macho yale yale yaliyosimama mbele ya lundo akaniambia kuni sina. "Wewe ulikuwepo. Ulitoa moshi?"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

"Kabla hujafika ulitoa, baba. Tulikuwa tunakohoa wote. Zako zilipowekwa haukutoa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mpaka tunazika, haukutoa."

Alilipima neno hilo, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza mti. Kisha akageukia kile kiti kifupi cha ngozi, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayempelekea mgonjwa habari bila kumshtua: haukutoa moshi, mama. Uliwaka vizuri.

Halafu akaniuliza kama nina kiberiti.